Hesabu ya Wiki ya Sita

Watu walimwita Bi Herufi, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kadi ya hospitali tu. Kazi yake ilikuwa kuandika mabango kwa mkono: vinyozi, maduka ya vipuri, milango ya malori, na ule ukuta wa shule wenye neno KARIBU ambalo nusu ya watoto wa mtaa walijifunzia kusoma. Mashine za kuchapa mabango ya plastiki zilipoingia mjini, wenzake wanne waliweka brashi chini wakatafuta shughuli nyingine. Yeye hakuweka kitu chini. Alisema bango la plastiki hupauka kwa miaka miwili, na mwenye duka hupauka nalo. Alikuwa na miaka sitini na mbili, mjane, mwembamba, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kisu chake cha kukwangulia rangi.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyechaguliwa na ugonjwa, na naamini ugonjwa wenyewe ulikuja kujuta.

Ulianza kwa muwasho. Miezi mitatu alijikuna mapaja na tumbo kwa rula ya mbao, akilaumu sabuni, kisha kunguni, kisha binti yake aliyenunua ile sabuni. Halafu yakaja malengelenge, magumu, yamejaa maji, yakajipanga mikononi, kiunoni na miguuni kana kwamba amemwagiwa mafuta ya moto. Majirani wakaanza kumsalimia kwa mbali. Hospitalini walimkata kipande kidogo cha ngozi, wakakipima, wakamwambia hakuambukizwa na mtu wala hatamwambukiza mtu. Ni kinga yake mwenyewe, ile iliyowekwa mwilini kupigana na maradhi, ndiyo iliyogeuka na kuishambulia ngozi pale tabaka la juu linaposhikana na la chini.

"Yaani askari wangu wananipiga mimi mwenyewe?" aliuliza.

"Kwa lugha rahisi, ndiyo, mama."

"Basi hao ni askari wa kweli," akasema, na muuguzi aliyekuwa akifunga bandeji ikabidi ageuke ukutani acheke.

Alipewa vidonge vya prednisoloni, dozi kubwa. Tusiseme uongo, ni dawa yenye nguvu. Wiki ya pili ngozi ilikuwa imekauka, wiki ya nne majirani wamerudi na salamu zao za karibu. Lakini uso ulimvimba hadi macho yakawa mistari, usingizi ukamhama, sukari ikapanda, na mwezi wa tatu mikono ikaanza kutetemeka. Haikuwa sana. Mtu wa kawaida asingejua. Angeshika kikombe, angefunga vifungo, maisha yangeendelea. Mwandika mabango alijua siku ya kwanza tu, alipokuwa akimalizia bango la fundi viatu na mguu wa ile V ukatoka umepinda kama umeandikwa ndani ya gari linalopita kwenye mashimo. Alifuta, akarudia, ukapinda tena. Fundi viatu, kwa heshima, alisema bango ni zuri akalitundika. Bi Herufi alirudi mchana na ngazi yake, akapanda, akalishusha, akaondoka nalo kwapani bila kuaga. Alilia njia nzima na hakujificha uso.

Daktari wa pale alipunguza vidonge kidogo kidogo mpaka vikaisha, na mikono nayo ikarudi kidogo kidogo. Ugonjwa ulilala zaidi ya mwaka. Ulipoamka, waliompokea walikuwa watu wengine, katika hospitali kubwa zaidi, na hao walikuwa na utafiti.

Daktari wa utafiti alikuwa mwanamume wa makamo mwenye miwani na subira. Alimweleza kwamba wanalinganisha dawa mbili. Ya kwanza ni hiyo prednisoloni aliyoijua. Inakausha upesi, hakuna anayebisha, lakini wazee hudhurika nayo, wengine vibaya sana. Ya pili ni doksisaiklini, antibiotiki ya zamani ambayo pia hutuliza muwasho na uvimbe. Huenda inakausha polepole zaidi, lakini huenda mtu akabaki na afya yake.

"Na wewe unaona ipi bora?"

"Sijui, mama. Ningejua nisingepima."

Jibu hilo lilimpendeza. Hakuwa amewahi kusikia daktari akisema hajui.

"Na nani anayechagua ninywe ipi?"

"Hakuna anayechagua. Ni bahasha. Imefungwa kabla hujafika, wala mimi sijui iliyomo."

Binti yake, mwalimu wa chekechea aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba mapajani, alishusha pumzi kwa sauti. Bi Herufi akachukua fomu ya ridhaa akaisoma mara tatu, kidole kikifuata mistari. Ukurasa wa tatu aliipata sentensi aliyokuwa akiitafuta, akaisoma kwa sauti kubwa ili chumba kizima kisikie: mshiriki anaweza kuacha dawa au kujitoa siku yoyote bila kuulizwa wala kunyimwa matibabu. Akaipigia mstari. Ndipo akasaini, na bahasha ikamtolea doksisaiklini.

Kidonge hicho kilikuwa na masharti yake. Ukimeza usilale mara moja, kitakuchoma koo. Jua nalo linakuunguza upesi kuliko kawaida, na kazi ya mabango ni kazi ya juani. Akaanza kuandika tangu alfajiri hadi saa tatu asubuhi, akapumzika, akarudi jioni, kichwani kofia pana ya marehemu mumewe. Wateja walinung'unika. Aliwaambia waende kwenye plastiki.

Utaratibu wa utafiti ulikuwa huu. Wiki ya sita, muuguzi asiyejua unakunywa dawa gani anakukagua na kuhesabu malengelenge mabichi, yenye maji. Yaliyokauka hayamo. Yakiwa manne au pungufu, dawa yako imefanya kazi. Yakizidi manne, unahamishiwa prednisoloni. Manne tu, basi. Bi Herufi aliishi siku arobaini na mbili akiwa na namba hiyo kichwani. Kila lengelenge jipya lilipotoka, alilizungushia duara kwa kalamu na kuandika tarehe pembeni, ili asichanganye la leo na la juzi. Alifanya hivyo kwa kalamu yake ya kazi, kwa sababu nyumbani kwake kalamu ni ile, na ni ile ya wino wa kuandikia mabati. Wino huo hauondoki kwa mvua mwaka mzima. Maji ya kuoga hayaugusi kabisa.

Asubuhi ya hesabu walikaa kwenye benchi la korido, yeye, binti yake, na dereva mstaafu waliyezoeana naye kwenye foleni. Dereva alikuwa kwenye utafiti ule ule, na bahasha yake ilikuwa imetoa prednisoloni. Mashavu yalimjaa, shati lilimbana, na mikono yake ilitetemeka waziwazi akishika kadi. Lakini ngozi yake ilikuwa safi, na alikuwa na furaha ya mtu aliyetoka kifungoni.

"Bibie, miezi minne nililala nimekaa kwenye kiti," alisema. "Sasa nalala kitandani na mke wangu. Hii dawa ningeioa kama ningeruhusiwa."

"Na mikono je?"

"Ya nini tena? Lori nimeshaacha. Chai mke wangu ananijazia kikombe nusu, mambo yamekwisha." Akacheka, na Bi Herufi akacheka naye, kwa maana hakuwa akimdanganya.

Akaitwa. Muuguzi wa siku zote alikuwa likizo, na aliyeshika zamu alikuwa mgeni, dada mpole mwenye haraka, nje kukiwa na watu thelathini wanamsubiri. "Shikamoo, mama. Tafadhali usiniambie unakunywa nini." Akafunua gauni nusu, akaangalia kulia, kushoto, mgongoni, akashusha soksi hadi kwenye vifundo, kalamu yake ikigusa hewani. Dakika nne, akaandika, akasaini, akaita anayefuata.

Nusu saa baadaye daktari aliwakaribisha ofisini, karatasi mbele yake, uso umeinama.

"Mama, imetoka kumi na tisa. Pole sana. Dawa hii haijakufaa. Leo tutakuanzishia prednisoloni."

"Kumi na tisa ya nini?"

"Malengelenge."

"Ya nani?"

Daktari akavua miwani. Binti akamshika mama yake mkono, na mkono ule ukachomoka. Bi Herufi alikuwa akijitazama mapaja kupitia kitambaa cha gauni, na taratibu akaelewa. Aliikumbuka ile kalamu ya muuguzi ikiruka hewani, tap, tap, tap, ikifuata duara baada ya duara.

"Amehesabu wino wangu," alisema. Akapandisha mkono wa gauni hadi begani. Palikuwa na maduara matatu yenye tarehe, na ndani ya yote matatu ngozi kavu, ya waridi, iliyopona. "Hili la mwezi uliopita. Hili la wiki ya tatu. Hili hata sikumbuki lilipotoka. Hesabu upya."

"Mama, siwezi. Mimi najua unakunywa nini, kwa hiyo macho yangu yana upande. Na karatasi imeshasainiwa."

"Karatasi hata mimi nilisaini. Kama macho yako yana upande, yule dada macho yake hayana. Hajui chochote. Arudi ahesabu ngozi."

"Ana watu thelathini nje."

"Nitakuwa wa thelathini na moja. Nina siku nzima, nimeacha ukuta wa watu haujakauka."

Hapo binti alishindwa kuvumilia. Alikuwa ameyaweka moyoni wiki sita. "Mama, kwani lazima tugombane na kila mtu? Wakupe hiyo dawa upone! Mimi nakufulia mashuka yenye damu. Heri mikono itetemeke nikuone uko hai. Mgonjwa haulizwi uji."

"Uji lete hata sasa hivi, mwanangu, sitauliza una nini. Hiki si uji." Kisha akalegeza sauti, kwa kuwa mtoto alikuwa akilia. "Najua unaogopa. Na mimi naogopa. Lakini mtu hatanitoa mikono kwa sababu amesoma vibaya mwandiko wangu. Hilo nakataa."

Daktari akanyanyua simu.

Muuguzi alirudi amejaa aibu. "Nisamehe, mama. Nilidhani dada wa siku zote ndiye aliyeyazungushia, kwamba ameshanihesabia." Bi Herufi akamwambia aibu si yake, ni ya wino. Safari hii taa iliwashwa, pazia likavutwa, gauni likavuliwa lote, na muuguzi akapita mwilini pole pole, akigusa kila duara kwa ncha ya kidole chenye glavu kuona kama kuna maji. Moja chini ya titi. Mawili nyuma ya goti. Moja kiunoni.

"Manne," akasema.

Nyuma ya pazia binti alisikika akiguna alhamdulillahi, na kiti cha daktari kikalia. Manne au pungufu. Ilikuwa imeisha.

Bi Herufi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mguu wa kushoto ukiwa bado na soksi iliyoshushwa hadi kifundoni. Ndani ya soksi ile, kati ya kidole cha nne na cha tano, lilikuwepo moja la tangu jana, dogo, lililojaa maji, ambalo hakulizungushia duara kwa sababu kalamu haikuingia. Hakuna aliyemwambia avue soksi. Angeweza kunyamaza. Nasema wazi, mimi ningenyamaza, nawe unayesoma ungenyamaza, tukaenda zetu nyumbani na dhamiri zetu tukazipa chai. Alikaa pale akilisikia linavyodunda, na hasira zikampanda upya, safari hii dhidi yake mwenyewe. Alikuwa amepiga kelele mbele ya mtoto wake kudai hesabu ya kweli. Sasa aipokee ya uongo kwa kuwa imempendelea? Akainama, akavua soksi.

"Bado," alisema. "La tano hili hapa."

Muuguzi akachungulia, akagusa, akaandika. Pazia lilipofunguliwa daktari alikuwa amesimama, mikono kiunoni.

"Mama, umejifunga mwenyewe."

"Nimejifunga. Andika matano. Na chini yake andika prednisoloni sinywi."

"Matano ni zaidi ya manne. Utaratibu—"

"Utaratibu unasema naweza kukataa. Ukurasa wa tatu, kuna mstari nimeupiga mwenyewe."

Daktari aliketi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya ugomvi uwe mgumu. Alimwambia bila kuzungusha kwamba ugonjwa huu kwa umri wake unaweza kuua, kwamba vidonda vikishika maambukizi hali hubadilika kwa siku chache, kwamba dozi safari hii ingekuwa ndogo na fupi. Na kutetemeka mikono, alisema, kwenye orodha yao ya madhara kumewekwa daraja la kwanza. Madhara madogo.

"Madogo kwa nani?" Bi Herufi alisogeza kiti chake hadi magoti yakagusa meza. "Kuna kaka hapo benchi, dereva. Anatetemeka kuliko nilivyowahi kutetemeka mimi, na kwake ni jambo dogo kweli, anacheka nalo, na namfurahia. Dawa hiyo imemfaa, mwandikeni hivyo kwa herufi kubwa. Lakini usichukue mikono yake ukaniandikia mimi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nyinyi mnalinganisha dawa na dawa. Hamlinganishi mtu na mtu."

Daktari akafungua daftari la pembeni, akaandika kitu kirefu kuliko kawaida, na alipomaliza sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Kuna njia ya tatu. Haimo kwenye bahasha. Marhamu ya steroidi, jamii moja na prednisoloni, kali, unapaka mwili mzima asubuhi na jioni. Nyingi hubaki kwenye ngozi, mwilini haiingii kama kidonge. Lakini inachosha, inalainisha ngozi ikawa nyepesi kuchanika, na sikuahidi kitu. Na mgongo wako hutaufikia."

"Mgongo nitaupaka mimi," alisema binti yake. Alisema kwa hasira, pua imejaa, akitazama dirishani. "Asubuhi kabla ya shule na jioni nikirudi. Na usiniambie napaka vibaya."

"Ukipaka vibaya nitakuambia," mama akasema, na akamshika mkono, na huu haukuchomoka.

"Kuna jambo moja," daktari akaongeza. "Watu wakiacha dawa ya utafiti, wengi hupotea. Hawarudi kuhesabiwa. Halafu mwishoni tunawajua wale waliofaulu tu, na dawa zote zinaonekana nzuri."

"Mimi nitarudi. Naacha kidonge, siachi kuhesabiwa. Matano yangu yabaki mle mle kwenye vitabu vyenu, yawasumbue."

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile daktari akatabasamu. Akatoa fomu ya kukataa dawa, akaijaza tarehe, akaisukuma mezani. Kisha akaizuia kwa kidole.

"Na ugonjwa ukirudi kwa nguvu, mama? Ukiamka siku moja malengelenge mwili wote?"

Bi Herufi alimtazama bila kupepesa.

"Nitakuja hapa nikilia, na huenda nikaviomba vile vidonge kwa magoti. Sijasema mimi ni jasiri. Siku hiyo utanipa na nitavimeza. Lakini siku hiyo si leo, daktari, na leo siitoi kwa kuiogopa kesho. Lete kalamu."

Sehemu ya sababu kwenye fomu ilikuwa mstari mmoja mfupi. Hakuomba rula. Aliandika kwa herufi kubwa, wima, zilizoachana sawasawa tangu mwanzo wa mstari hadi mwisho: MIKONO YANGU NAITUMIA. Daktari akaisoma ile fomu, akaigonga mhuri, akaiweka juu ya fomu nyingine mezani.